Ni Kulia Tu

Jumapili, tarehe 9 Februari

Kaka,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, kama tulivyokubaliana. Najua simu ingekuwa rahisi. Lakini tangu siku ile tulipopigiana kelele mbele ya Baba, mpaka akaisukuma simu yako mezani kwa mkono wake mzima ikaanguka na kupasuka kioo, sina hamu ya kuisikia sauti yako, na nadhani nawe huna hamu ya yangu. Simu ibaki ya dharura. Mambo ya Baba tuyaandike na kuyatuma kwa basi. Kwenye karatasi angalau hunikatizi.

Ndani ya boksi hili kuna kidude nilichomtengenezea. Yule mama wa mazoezi pale kliniki alisema miezi mitatu ya kwanza baada ya kiharusi ndiyo ya kuukomboa mkono, na kwamba tarehe 21 Machi ataupima tena. Ukionyesha dalili, ataendelea nao. Usipoonyesha, anafunga faili na kumfundisha Baba kuishi na mkono mmoja. Hilo neno la kufunga faili haliniachi. Mtu amekereza vyuma miaka thelathini na minne, halafu aishi na mkono mmoja?

Ulisema anakataa kuzungusha ule mfuniko wa chupa aliopewa wa mazoezi. Ningekuwa mimi ningekataa pia. Unazungusha mfuniko, haufungui kitu, haufungi kitu, halafu unaambiwa hongera. Baba anataka kipimo, sio hongera.

Kwa hiyo nimemkatia kinobu cha mbao kinachojaa kiganjani. Chini yake kuna enkoda, kidude kinachohisi mzunguko, kama kile cha kuongezea sauti kwenye redio za gari. Ukizungusha kinalia tik, tik, vituo ishirini kwa mzunguko mmoja. Kila tik inasomwa na kompyuta ndogo, kibao chenye ukubwa wa kiberiti, na namba inatokea kwenye kioo. Upande mmoja inapanda, upande wa pili inashuka. Akibonyeza, inarudi sifuri. Chomeka kwenye chaja ya simu, basi.

Mia mbili asubuhi, mia mbili jioni. Hakikisha anakiona kioo. Namba ndiyo itakayomvuta, namjua.

Mimi niko salama. Wiki hii kuna jengo la ghorofa kumi na moja, lifti zake mbili zimekataa kusimama sawa na sakafu, na mimi ndiye ninayekaa juu ya paa la lifti na tochi mdomoni. Likizo bado.

Msumari


Jumamosi, tarehe 15 Februari

Msumari,

Naandika nimesimama, mteja yuko kitini ana povu kidevuni, kwa hiyo usitegemee mapambo.

Boksi lilifika Jumatatu, zima. Nilikijaribu mwenyewe kabla ya kumpa Baba. Nikazungusha kumi, kioo kikaandika kumi. Nikasema kumbe huyu mtoto ana faida.

Nikampa. Siku ya kwanza alikipokea vizuri, akakigeuza juu chini akichungulia skrubu, unamjua. Akaanza. Tangu hapo, dada yangu, ni kulia tu. Jumanne kulia. Jumatano kulia. Leo asubuhi hakufika hata thelathini, ni kulia. Nimejaribu kumshika mkono tuzungushe pamoja, nimehamisha meza karibu na dirisha, wapi. Sijui ni kidude au ni nini. Wewe ndiye fundi.

Halafu ameanza utoto. Anachukua kiberiti jikoni, anazimwaga njiti mezani kwa mkono wa kushoto, anazipanga, anazisukuma huku na huku. Nashinda nafagia nywele dukani, narudi nyumbani nafagia njiti. Nikimuuliza anataka nini, anasema "ba, ba" na uso unamwiva kwa hasira. Kalamu akipewa anachora mikwaruzo tu. Mama wa mazoezi anasema maneno yatarudi yenyewe, tusimsukume.

Mteja anakohoa kwa makusudi. Ni kulia tu, asubuhi na jioni. Fanya jambo.

Kaka Kinyozi


Jumanne, tarehe 18 Februari

Kaka,

Barua yako nimeisomea juu ya lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya saba, nikacheka kwa raha mpaka mwenzangu akamulika kuona kama nimechanganyikiwa. Raha yenyewe ni kwamba ugonjwa huo naujua. Kwenye lifti tunakutana nao kila mwezi.

Sikiliza. Enkoda ina miguu miwili inayosema. Tuiite A na B. Baba akizungusha, A na B hawasemi kwa pamoja, mmoja humtangulia mwenzake. A akitangulia, kompyuta inajua ni kulia. B akitangulia, inajua ni kushoto. Ni hivyo tu, hakuna uchawi. Sasa waya wa B ukilegea, B ananyamaza, na kompyuta haina wa kuiambia vingine. Chochote utakachofanya, kwake ni kulia. Bila shaka waya ulilegea kwenye basi. Fungua skrubu nne za chini, utaona waya wa kijani. Huo ndio B. Uguse uone kama umeshika.

Lakini usimsimamishe Baba kwa sababu hiyo, tafadhali. Kulia hakuna ubaya. Kulia ndiko tunakokutaka hasa, ndiko kunakokaza kiganja. Hata kama ni kulia tu, mwache. Mia mbili asubuhi, mia mbili jioni, na akizidisha, afadhali. Ikibidi msimamie mpaka amalize. Zimebaki wiki nne na siku chache. Naamka nazihesabu. Nikiwa kazini nabonyeza vitufe vya lifti nazihesabu.

Njiti za kiberiti mwondolee, asije akajichoma.

Msumari


Ijumaa, tarehe 21 Februari

Wewe,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani macho yangu yananidanganya. Mara ya pili nikampa mke wangu anisomee. Mara ya tatu nikafunga duka saa nne asubuhi.

"Kulia hakuna ubaya." "Akizidisha, afadhali." Umeyaandika wewe hayo, kuhusu Baba yako? Nimsimamie mpaka amalize? Wewe ungeweza kusimama pale? Huwezi, kwa sababu hukuweza. Ulikaa siku sita baada ya kiharusi, siku ya saba ukasema lifti zinakuita. Lifti zina baba? Baba alikuita Msumari kwa sababu ukiingia kwenye jambo hutoki. Siku hizi unatoka bila hata nyundo.

Mimi ndiye ninayemvalisha. Mimi ndiye ninayemnyoa, na upande mmoja wa uso haukazi, inabidi niivute ngozi kwa kidole. Sikulalamika. Lakini usinitumie maagizo ya kinyama kwa lugha ya waya.

Na huo waya wako wa kijani nimeugusa. Ulikuwa umeshika kama gego. Nikauvuta kidogo kuhakikisha. Haukutikisika. Nikauvuta tena, ukatoka. Nimeurudishia kwa plasta ya vidonda, sasa kidude kimekuwa mwehu kabisa. Akizungusha mbele namba inapanda, akirudisha nyuma inapanda. Baba alipoona hivyo alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuiona tena, akakisukuma mbali. Kiko juu ya kabati. Leo sikumpa, na kesho simpi.

Kaka yako, kama bado unamhesabu


Jumatatu, tarehe 24 Februari

Kaka,

Umenitukana ukurasa mzima na sijui kosa langu. La siku sita nalijua, hilo umenipata. Lakini unyama gani? Nimesema azungushe.

Nimetembea na barua yako siku mbili mfukoni. Jana niliteremka ngazi za ghorofa kumi na moja kwa miguu, mimi fundi wa lifti, kwa sababu nilishindwa kusimama sehemu moja. Na si matusi yaliyonizungusha. Kuna kitu kwenye barua yako hakikai.

Ukiwa umeutoa waya wa kijani, namba inapanda pande zote. Hiyo ni sawa, ndivyo inavyotakiwa kuwa, B amenyamaza. Lakini unasema kabla hujauvuta ulikuwa umeshika kama gego. Basi B alikuwa anasema. Na kama B alikuwa anasema, kidude kilikuwa kinajua kushoto na kulia vizuri kabisa.

Sasa ile kulia ya wiki ya kwanza, Kaka, ilitoka wapi?

Msumari


Jumatano, tarehe 26 Februari

Msumari,

Ilitoka machoni.

Baba analia, dada. Machozi. Nilikuwa nakuambia Baba analia, na wewe ulikuwa unaniambia habari za upande.

Nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe cha wateja nimezirudia barua zote, zako na nakala za zangu kichwani, na sijui nicheke au nijipige makofi. "Kulia ndiko tunakokutaka." Mungu wangu. Nilikuona katili kuliko watu wote duniani. Mke wangu alikwishasema tusikuite hata kwenye harusi ya mtoto. Nisamehe yale ya baba wa lifti. Ya siku sita sijayafuta, lakini yale mengine nisamehe.

Nikueleze sasa kama nilivyopaswa kueleza mwanzo, kwa maneno yasiyo na pande. Baba anazungusha tik moja, anatazama kioo. Anazungusha, anatazama kioo. Akifika kama ishirini, mdomo unaanza kumcheza, halafu machozi yanateremka. Hatoi sauti. Anafuta kwa bega, anajaribu tena kuanzia sifuri, yanateremka tena. Nilidhani ni maumivu. Nikampeleka kwa mama wa mazoezi, akaushika mkono kila kiungo, hakuna maumivu. Akasema watu wengi hulia baada ya kiharusi bila sababu. Lakini hapana. Tangu Mama atutoke sijamwona Baba akilia. Hii ina sababu.

Sijui ni nini. Wewe unajua?

Kaka


Ijumaa, tarehe 28 Februari

Kaka,

Anatazama kioo. Hapo ndipo.

Fanya mambo mawili, leo hii barua ikifika. Kwanza, mpelekee fundi redio yeyote hapo mtaani auchomelee waya wa kijani mahali pake, ni kazi ya dakika moja. Usiuguse wewe.

Pili, mrudishie Baba kidude na kiberiti. Njiti usizifagie. Kaa mbele yake, unyamaze, mwache afanye anachofanya. Halafu zihesabu njiti, na usome namba kwenye kioo. Niandikie zote mbili.

Kuna kitu kuhusu kidude kile sikukuambia. Nitakuambia ukishanitumia namba.

Msumari


Jumatatu, tarehe 3 Machi

Msumari,

Njiti ishirini. Kioo ishirini na saba.

Nilifanya ulivyosema. Fundi redio alichomelea, akaniuliza nani mjinga aliyeuvuta, nikasema mtoto. Nikaweka kidude mezani na kiberiti pembeni. Baba alinitazama kwanza kama mtu anayetegwa. Kisha mkono wake ule mgonjwa ukashika kinobu, na wa kushoto ukakaa juu ya njiti. Tik, njiti moja inasogezwa kando. Tik, nyingine. Polepole mno, Msumari, mkono unatetemeka kabla ya kila tik kama unabisha hodi. Hakukosa hata moja. Nilikuwa nahesabu moyoni pamoja naye.

Alipofika mwisho akaninyooshea kidole kwenye kioo, akaninyooshea kwenye njiti. Nikazihesabu kwa sauti. Nilipotamka "ishirini," Baba alinikamata kifundo cha mkono na hakuniachia. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Kumbe utoto wote ule alikuwa ananieleza. Wiki mbili ananieleza, na mimi nafagia.

Na sijamaliza. Umesema una lako, nami nina langu, na nisipoliandika leo sitaliandika tena. Siku ya pili ya kidude, Baba alinionyesha kioo, halafu akajigonga kichwani kwa kidole. Nilielewa kidogo, si kwamba sikuelewa. Alikuwa anauliza. Nikamwambia, "Baba, mashine haikosei, nimeijaribu mwenyewe. Ni wewe unachanganya hesabu." Nilimwambia kwa upole kama unavyomwambia mtoto. Na kesho yake nikamwambia tena, na kesho yake. Baba yetu, ambaye vijana wa karakana walikuwa wanaacha rula zao wanamuuliza yeye! Amekaa hapo akiamini mkono umeondoka na akili imefuata, na mimi ndiye niliyekuwa namthibitishia kila asubuhi kabla ya chai.

Sema lako.

Kaka


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kaka,

Langu hili hapa. Nilijua.

Sio ishirini na saba. Lakini nilipokijaribu mezani kwangu kabla ya kukituma, ishirini ilitoka ishirini na moja, mara nyingine ishirini na mbili. Nilijua na sababu. Ndani ya enkoda kuna vipande vya chuma vinavyogusana, na chuma kikigusa chuma hakitulii hapo hapo, kinadundadunda kidogo, haraka mno hata jicho halioni. Kompyuta inaona. Programu yangu ilikuwa ya kivivu: kila A akigusa, ongeza moja. Akidunda mara mbili, imeongeza mbili. Dawa yake ninayo kichwani, ingenichukua jioni moja.

Sikuifanya. Basi lilikuwa linaondoka, na nikajiambia zile moja mbili za ziada zitamtia moyo, ataona namba inakimbia afurahi. Nilimvika Baba kilemba cha ukoka, Kaka. Nilimtilia chumvi kwenye kipimo, mtu ambaye angekufukuza karakana kwa nywele moja. Na sikufikiria kabisa mkono wake. Wewe na mimi tunazungusha haraka, chuma kinapita. Ndiyo maana kumi yako ilikuwa kumi. Mkono wake unatetemeka pale pale kizingitini kabla ya tik, na kila mtetemo kidude kimeuhesabu. Kwa hiyo kadiri alivyojitahidi, ndivyo kilivyomdanganya. Nikifikiria hilo nataka kutoka nje ya ngozi yangu.

Boksi hili lina kidude kipya. Safari hii sikumwamini A peke yake. A na B wakipokezana sawasawa, kuna hatua nne: A anagusa, B anagusa, A anaachia, B anaachia. Hiyo ndiyo tik moja. Programu mpya inasubiri hatua zote nne zikamilike kwa mpangilio ndipo inaongeza moja. A akidunda mbele na nyuma kizingitini, anaenda hatua moja na kurudi hatua moja, inakuwa bure, haihesabiwi. Nimekizungusha kama Baba, polepole, huku natikisa mkono makusudi, mara elfu moja na mia mbili. Mwenzangu kazini alikuwa ananihesabia kwa karanga, nyingine amekula lakini amekiri. Hakikukosa.

Sasa msomee Baba hiki kipande, kwa sauti, usiruke kitu:

"Baba, shikamoo. Hesabu yako ilikuwa sahihi siku zote. Mashine ndiyo iliyokosea, na mimi nilijua inakosea kidogo nikakutumia hivyo hivyo. Si kichwa chako, ni uvivu wangu. Nimekosa. Hiki kipya usikiamini kwa sababu nimesema mimi. Kipime."

Basi. Zimebaki siku kumi na tatu.

La mwisho, Kaka, kwa sababu nimeshaanza kuvua nguo za uongo, acha nimalize. Likizo ninayo. Siku kumi na nne, ipo tangu Januari. Sijaiomba. Siku ile ya sita nilimkuta Baba anajaribu kufunga kifungo cha shati. Nilisimama mlangoni. Alijaribu, akajaribu, sikuingia kumsaidia na sikuondoka. Kesho yake nikapanda basi. Ninaweza kuning'inia kwenye shimo la lifti ghorofa ya kumi na moja bila presha kupanda, lakini kile kifungo sikukiweza. Sio kwamba simpendi. Ni kwamba nampenda halafu sina cha kushika.

Msumari


Jumatatu, tarehe 24 Machi

Msumari,

Sikukuandikia wiki mbili kwa sababu kila siku nilitaka kukuandikia kesho yake nikiwa na uhakika. Najua umekonda. Vumilia, naanza.

Barua yako nilimsomea yote, sikuruka. Nilipofika "mashine ndiyo iliyokosea" aliniashiria nirudie. Nikarudia. Akaniashiria tena. Nilisoma mstari ule mara nne, Msumari, kama redio iliyokwama. Kisha na mimi nikapiga magoti nikamwambia langu la kila asubuhi. Akanigonga kichwani kwa ngumi ya kushoto, si kwa upole sana, na hapo nikajua yamekwisha.

Hakukiamini kidude kipya. Alikipima kwa njiti siku tatu mfululizo, viberiti vinne, alikuwa anakitega: anazungusha mbili, anarudisha moja, anatetemesha makusudi. Siku ya nne akazirudisha njiti kwenye kiberiti, akaanza kazi. Tangu hapo sikumsimamia mimi, alinisimamia yeye. Nikichelewa kuchomeka chaja anapiga meza.

Sasa kliniki. Nilikwenda roho juu, kama siku yangu ya kwanza kumnyoa mtu. Mama wa mazoezi akampima kidole kimoja kimoja. Kidole gumba kinasogea kidogo, cha shahada hapana, kukunja ngumi nusu. Akashusha pumzi, akachukua kalamu. Nikaona anafungua ukurasa wa mwisho wa faili.

Baba akapiga meza. Akaninyooshea kidole kwenye mfuko. Nikatoa kidude, nikachomeka ukutani. Mama wa mazoezi akawa na haraka, wagonjwa wamejaa nje, lakini akakubali. Na mimi, sijui nini kilinituma, nikakifunika kioo kwa kofia yangu. Baba akazungusha. Tik, tik, hatuoni namba. Alipoachia, yule mama akamuuliza, nadhani kwa kumfurahisha tu, "Ngapi, mzee?"

Mdomo ukamcheza nikaogopa, nikadhani ndiyo yale. Kumbe lilikuwa neno linatafuta njia. Akasema, "Sa... sa... sitini na nne."

Nikaondoa kofia. Sitini na nne.

Niliruka, nikamwangushia mtu wa watu kalamu. Lakini yule mama namba hakuijali. Akasema, "Sitini na nne ni zenu. Mimi nilikuwa natazama kifundo." Akamwambia Baba azungushe tena, akaweka vidole viwili chini ya kifundo cha mkono, akafumba macho. Kisha akaurudisha ule ukurasa wa mwisho, akaandika kwenye mwingine. Miezi mitatu zaidi, mara mbili kwa wiki. Amesema mkono hautakuwa kama zamani, nisikudanganye. Kukereza hatakereza tena. Lakini kijiko, kifungo, kalamu, anaona njia.

Kalamu yenyewe ameshaianza: barua yake iko hapa ndani, kwenye karatasi iliyokunjwa. Ameiandika mwenyewe, kwa mkono ule ule wa mazoezi, kuanzia jana asubuhi hadi leo mchana, na hakutaka nimsaidie hata kushika karatasi. Herufi zimelala, utazisoma tu. Sijaongeza kitu.

Kaka yako


MSUMARI

NJOO UKITOE KIOO CHA NAMBA. NAHESABU MWENYEWE.

KAKA YAKO ASIGUSE. ATANG'OA WAYA.

USITUME MTU. USITUME BOKSI. NJOO WEWE.

BABA